Mdogo wangu, zile chupa za viungo hebu ziache kwanza

Mdogo wangu,

Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili na ya pili nilicheka, nisamehe. Ati umenunua chupa 18 za viungo kwa sababu uliona vidio ya mtu anapika chakula cha nchi saba ndani ya wiki moja, leo ni Jumatano tu we umeshachoka na watoto jana wamelala na mkate. Barua hii naiacha wazi maana hauko peke yako, kuna watu kibao wana chupa kama hizo zimejaa vumbi.

Mi nimechelewa sana kugundua kwamba chakula cha India, cha Italia na cha China mara nyingi vinatofautiana kwenye zile dakika tano za mafuta tu. Kuku ni yuleyule, kitunguu ni kilekile. Kinachobadilika ni nini kinaingia kwenye mafuta, na kinaingia saa ngapi. Waitalia wanakatakata kitunguu, karoti na seleri vidogo vidogo wanavikaanga kwa moto mdogo taratibuuu mpaka vilainike, wanaita soffritto. Wachina wakikaanga mafuta yawe moto kwelikweli, tangawizi na saumu vinaingia sekunde chache tu na vingine vinafuata mbiombio. Wahindi wana tadka, yaani viungo vilivyokaangwa kwenye mafuta ya moto, ambayo inaweza kuja mwisho kabisa chakula kikiwa kimeshaiva, na hiyo ndo nataka uanze nayo.

Chemsha dengu nyekundu, zile ndogo zilizokobolewa, hazihitaji kulowekwa, dakika kama 20 zimeshalainika. Weka manjano kidogo na chumvi. Ukionja hapo utasema dada kanidanganya, subiri. Chukua kikaango kidogo, mafuta vijiko viwili vitatu, yakipata moto tupia mbegu moja ya bizari nyembamba. Moja tu. Ikikaa kimya, bado. Ikianza kucheza huku imezungukwa na povu, mwaga kijiko kizima, weka na saumu uliyokata nyembamba na pilipili kavu moja nzima, halafu simama hapohapo usiguse simu. Saumu ikianza tu kupata rangi ya dhahabu, mwagia vyote kwenye dengu. Itapiga kelele chaaaa na nyumba nzima watakuja kuuliza unapika nini. Harufu nyingi ya viungo inatoka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndo maana bizari hiyohiyo ukiitupia tu kwenye sufuria la dengu inachemka weee na hainukii hivo.

Sasa mi mara ya kwanza mtu alibisha hodi nikaenda kufungua, kurudi saumu imekuwa mkaa, nikasema aah namwaga hivohivo. Sufuria zima likawa chungu, tukala wali mtupu. Saumu ikiungua haina dawa, mwaga uanze upya, ni mafuta vijiko viwili tu si msiba.

Siku nyingine fanya shakshuka ya Afrika Kaskazini: kitunguu, pilipili hoho, nyanya nyingi, bizari ileile na paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), mchuzi ukiwa mzito chimba vishimo kwa kijiko, pasulia mayai humo, funika. Kikaango kimoja, kinaenda mezani kama kilivyo na mkate wa kuchovya. Au oyakodon ya Japani, jina lake maana yake ni bakuli la mzazi na mtoto, mzazi ni kuku mtoto ni yai, waambie watoto wako hiyo uone watakavyocheka (au watakavyogoma kula, wa kwangu mmoja aligoma). Vipande vya kuku na kitunguu vinachemka kwenye supu kidogo yenye soya sosi na sukari, unamwagia mayai uliyoyakoroga kidogo tu, unafunika, unaweka juu ya wali. Wenyewe wanatumia supu ya mwani na samaki mkavu, we tumia supu yoyote nyepesi uliyonayo.

Na wali ukibaki uupoze haraka uingie friji, usiulaze juu ya jiko, wali uliokaa nje masaa unaota bakteria na sumu yake nyingine hata ukipasha moto haitoki. Kesho yake ukiwa baridi na mkavu ndo mzuri wa kukaanga Kichina, wali wa moto moto unakuwa uji.

Najua kuna mtu atakwambia hiyo siyo ya asili. Mwulize kabla ya 1492 Waitalia walikuwa wanapika na nyanya gani, maana nyanya na pilipili kali zote zimetoka Amerika, hata Wahindi na Wathai hawakuwa na pilipili hizo. Kila mtu alichukua cha mwenzake akakitia kwenye mafuta yake.

Kuhusu watoto na ukali, wakila wao pilipili isiingie sufuriani, hata ile kavu ya tadka iruke, ikae mezani. Thailand ukila tambi unakuta mezani sukari, sosi ya samaki, siki yenye pilipili na pilipili ya unga, kila mtu anatengeneza bakuli lake, na hakuna anayemwona mpishi hajui. Ndimu pia iwepo. Ukionja ukaona chakula kimelala, kabla hujaongeza chumvi kamulia ndimu kidogo baada ya kuzima moto, mara nyingi kilichokosekana ni uchachu.

Kwa hiyo kwenye zile 18 toa bizari, manjano, paprika na pilipili, hizo nne zikae karibu na jiko. Zingine gawa. Ila zafarani usimpe mtu, Jumamosi napita kuichukua mwenyewe.

Dada yako