Kunguru Wamekimaliza Kiota cha Chozi

Raskazone, Tanga

Sahibu yangu Mbarouk,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na Bi Zuhura anauliza kila mara kwa nini umetususa. Lililonifanya nishike kalamu ni kunguru, ambao wamekifumua kile kiota cha ndege chozi kilichokuwa kikining'inia kwenye waya wa taa ya barazani, wakala makinda yote mawili mchana kweupe, nasi tupo.

Unakijua kilivyo: kifuko cha nyasi kilichofungwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni. Chozi hujenga karibu na watu, nadhani ili ajikinge na maadui, lakini kunguru hamwogopi mtu. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji, na sasa pwani yote ni yao. Paka wa Mzee Shemboza hukamata tetere mmoja mmoja, watoto wenye manati hukemewa wakakimbia, na vioo vya nyumba mpya ya jirani, ambavyo shore hujigonga kwa kudhani miti anayoiona humo ni ya kweli, vinaweza kuwekewa wavu kwa nje. Kunguru utamwekea nini?

Jirani huyo huyo anataka kutega nyama yenye sumu. Nimempinga, kwa kuwa sumu haichagui, na mwewe, mbwa na hata kuku wa Bi Zuhura wataila. Ila nakiri kwamba matusi yangu hayajapunguza kunguru hata mmoja, na wale chozi wawili bado wanarudi kwenye waya ule kana kwamba wanataka kuanza upya.

Nakumbuka Kenya ilipotangaza mwaka 2024 kwamba itaua kunguru milioni moja, ulicheka ukauliza nani atakayewahesabu. Lakini uliwahi kunieleza habari za matundu makubwa ya waya, yenye mlango wa kuingilia juu, ambamo kunguru hai huachwa na nyama na maji ili awaite wenzake. Nani huyatengeneza huko Mombasa? Mlango uwe na upana gani ili aliyeingia asitoke? Ni kweli kwamba wakishuhudia mwenzao akiuawa hawalisogelei tena? Tetere akinaswa, hutolewaje bila kuwafungulia kunguru? Nawe, yule chozi dume wako bado anapigana na kioo cha gari?

Nijibu upesi, kabla jirani hajanunua nyama.

Wasalaam,
Nduguyo Abdallah