Kuhusu ile safari ya meli ya mizigo

Hamburg

Mwalimu Rajabu, ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifika pamoja na picha za harusi ya Shabani. Mpe Bi Zubeda hongera zangu, mwambie lile gauni la kijani limemtoa vizuri kuliko bibi harusi, lakini asimwambie bibi harusi. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeanza kung'ata.

Sasa hili la meli. Unataka kuja kumwona Mwanaisha na mjukuu huko Bremen, ndege umeapa hupandi tena, na kuna mtu kakwambia meli za makontena huchukua abiria. Unaniuliza tiketi inakatwa wapi. Jibu ni kwamba zilikuwa zikichukua, na chache bado zinachukua, ila kutoka Tanga au Mombasa mpaka huku sahau kwa sasa. Nakueleza kwa kirefu maana nakujua: ukiambiwa haiwezekani bila sababu, kesho uko getini Kilindini na begi lako.

Meli ya mizigo haikatazwi kubeba watu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, huo wanaouita SOLAS, unasema chombo kikichukua abiria zaidi ya 12 kinahesabiwa meli ya abiria, na hapo masharti yanakuwa mengine kabisa. Basi wenye meli hubaki humo humo kwenye 12, na wengi hawafiki hata nusu yake: wana vyumba viwili vitatu karibu na vya maofisa, basi. Daktari hayupo. Kuna ofisa aliyefundishwa kuchoma sindano na kushona jeraha, na redio ya kumuuliza daktari aliye nchi kavu. Ndiyo sababu wanadai cheti cha afya, na kampuni nyingi zilikuwa hazimtaki mtu aliyekaribia miaka 80. Umri wako haujafika huko, ila hiyo presha yako wangeiuliza.

Tiketi hukati bandarini. Unapitia wakala anayeshughulika na safari hizi, tena miezi mingi kabla. Ukimwandikia anakutumia makaratasi: cheti cha daktari, kadi ya homa ya manjano, bima ya matibabu na ya kurudishwa kwenu, na bima nyingine ya kulipia gharama endapo meli itabidi igeuze njia kwa ajili yako. Halafu inakuja karatasi ninayoiona mimi ndiyo safari yenyewe, ile unayotia saini kwamba meli inaweza kuondoka mapema, kuchelewa, kuruka bandari au kukushusha kwingine, na wewe huna la kudai. Mzigo ndio mwenye meli. Wewe umepewa ruhusa ya kufuatana nao.

Na asikudanganye mtu kwamba ni njia ya kubana pesa. Kabla ya 2020 bei ya kawaida ilikuwa kama euro 100 kwa siku, chakula ndani yake. Sasa zidisha kwa wiki nne au tano, uone umenunua tiketi ngapi za ndege.

Mimi nilipanda hapa Hamburg kwenda Port Klang, Malaysia, miaka ile kabla ya korona. Tarehe ilisogezwa, ikasogezwa tena, halafu asubuhi moja wakala akapiga simu: njoo leo, kabla ya saa kumi. Getini jina langu lilikuwa kwenye orodha, bila hivyo hupiti. Nikavishwa kizibao cha kung'aa na kofia ngumu, nikapandishwa kwenye basi dogo, maana kutembea kwa miguu katikati ya zile mashine za kubeba makontena hairuhusiwi. Ngazi ya meli ni ndefu na inatikisika. Baharia mmoja wa Kifilipino alinipokonya sanduku akapanda nalo mbio kama kabeba kikapu cha mayai.

Chumba changu kilikuwa kizuri kuliko nyumba niliyokuwa nimepanga: kitanda, meza, friji, bafu la peke yangu, na dirisha kubwa. Nikafungua pazia nione bahari, nikaonana uso kwa uso na kontena la bluu. Mkono ungelifikia, ungeweza kubandua kutu kwenye pembe zake. Rotterdam lipo, Le Havre lipo. Mpaka Algeciras, Hispania, ndipo usiku winchi ikalinyanyua, na nilipoamka chumba kizima kilikuwa kimejaa mwanga.

Chakula ni kwa saa maalumu na hakingoji mtu: asubuhi saa moja na nusu, mchana saa sita, jioni saa kumi na moja na nusu. Siku ya kwanza nilikuta nguruwe kwenye supu, nguruwe kwenye wali, na nguruwe peke yake. Nikaenda jikoni kwa adabu. Mpishi akacheka, na tangu hapo kila mlo nilitengewa samaki, wali mweupe na pilipili ya kwake, kali kweli.

Kuhusu sala, nilikuwa nikipanda chumba cha usukani na kumuuliza ofisa wa zamu Makka iko upande gani. Alikuwa Mromania, si Mwislamu, lakini lilimpendeza jambo lile. Alipima kwenye ramani akaniandikia digrii kwenye kikaratasi, kila siku kipya. Tulipotoka Suez kuingia Bahari ya Shamu nilikuwa nikisali nimeelekea omo, yaani mbele ya meli. Tukafika usawa wa Jidda, nikageukia ubavu wa kushoto. Baadaye nikawa nimeelekea tezi, yaani nyuma. Hata kama nisingepanda meli ile kwa sababu nyingine yoyote, Mwalimu, ningeipanda tena kwa hiyo tu.

Ghuba ya Aden tuliipita taa za nje zimezimwa, mapazia yamefungwa, na senyenge imezungushwa kwenye kingo kwa ajili ya maharamia. Nikajua kwetu kuko kule kusini, na meli haina habari. Ikashika mashariki.

Yaliyofuata unayajua nusu. Machi 2020 korona ilipopamba moto, kampuni ziliwafungia abiria mlango. Shirika la Bahari la Kimataifa lilisema ilifika wakati mabaharia 400,000 walikwama melini, mikataba imekwisha na hawawezi kurudi kwao. Wenye kazi yao wanashindwa kushuka, nani angempandisha mtu wa kutalii? Ugonjwa ukapita, lakini kampuni nyingi hazikufungua tena. Nauli ya watu watano ni nini mbele ya maelfu ya makontena? Ni usumbufu tu.

Kisha ikaja Bahari ya Shamu. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, waliiteka meli ya mizigo iitwayo Galaxy Leader, mashambulizi yakafuatana, na meli nyingi za kwenda Ulaya zikaanza kuzunguka kwa Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini, siku kumi hata wiki mbili zaidi. Tena mzigo wa Mombasa na Dar mara nyingi hauji huku moja kwa moja. Unapelekwa bandari kama Salalah ya Oman, Jebel Ali ya Dubai au Colombo ya Sri Lanka, unashushwa, unangoja meli kubwa. Kontena linaweza kukaa kwenye yadi wiki nzima bila kula. Wewe je?

Na hata meli ingepatikana, kuna pasipoti. Abiria si baharia, kitabu cha ubaharia hakikuhusu, kwa hiyo unahitaji viza ya kila nchi utakayoshuka. Viza ya huku ina tarehe, na meli haina. Ukifika viza imeisha, kampuni ndiyo inabebeshwa mzigo wa kukurudisha, na wanalijua hilo. Kuna na lingine la kuudhi: vijana wetu wamezamia meli miaka mingi mpaka bandari zote zinatujua. Mswahili akisema melini kwamba yeye kalipa nauli, kwanza watacheka.

Hapa Bi Zubeda asisome. Machi 2019 meli ya mizigo Grande America, iliyotoka hapa hapa Hamburg, iliwaka moto kwenye Ghuba ya Biscay, magharibi mwa Ufaransa, ikazama. Watu 27 waliokuwemo, mmoja wao abiria, waliokolewa wote na manowari ya Kiingereza. Nakwambia ili ujue kwamba lile zoezi la kuvaa boya na kupanda mashua ya kuokolea, ambalo kila abiria hufanyishwa akipanda, si mchezo.

Kama kiu yako ni meli yenyewe, ya mzigo na watu pamoja, basi Kigoma. Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, uliwafundisha watoto darasani, mimi sikumbuki kukusikia ukisema umeipanda. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapelekwa Kigoma ikaunganishwa upya na kuingia majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ilipokuwa ikienda mpaka Mpulungu, Zambia, vijiji vingi havikuwa na gati: inasimama ziwani usiku, mitumbwi inaijia, magunia ya dagaa yanapanda na akina mama wanateremka na watoto mgongoni, wote wanapiga kelele pamoja. Kule hakuna wakala wala bima ya kugeuza njia.

Imekuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo muulize yule mpwa wako wa Ujiji kama imesharudi kazini na chumba cha daraja la kwanza ni kiasi gani. Mimi likizo yangu ni Julai. Nikishuka Dar tunaweza kushika treni mpaka Kigoma, ukikubali kutonisimulia reli ilivyojengwa njia nzima.

Kwa Mwanaisha njoo na ndege tu. Usiku mmoja, na kiti cha kando ya njia ya kupita ndani ya ndege nitakulipia mimi. Fomu za viza nimeziweka kwenye bahasha hii, jaza kwa herufi kubwa, na picha iwe mpya, si ile ya kofia.

Wasalimie wote, na Shabani mwambie zawadi yake iko njiani, kwenye kontena.

Ndugu yako,
Bakari