Barua ya wazi kwa kaka yangu, kuhusu kujitenga na kutoa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizokutumia kwa siri hukuzijibu, na kwa sababu maneno uliyonitamkia uliyasema mbele ya watu. Tangu arobaini ya baba tumekuwa tukisalimiana kupitia kwa watoto.

Miezi hii nimekuwa nikisoma maisha ya Waite Phillips, mfanyabiashara wa mafuta wa Oklahoma, na sikuweza kuyasoma bila kukufikiria. Alizaliwa Iowa mwaka 1883 pamoja na pacha wake aliyeitwa Wiate, jina lile lile lililopinduliwa herufi mbili. Wakiwa na umri wa miaka 16 waliondoka nyumbani wakazunguka magharibi ya Marekani wakifanya vibarua, hadi Wiate alipofariki mjini Spokane mwaka 1902 kwa kidole tumbo kilichopasuka. Wewe na mimi tunajua jinsi nyumba inavyokuwa anapoondoka yule wa katikati aliyekuwa akitupatanisha.

Mwaka 1906 Waite aliwafuata kaka zake, Frank na L. E., huko Bartlesville, akajifunza kazi ya mafuta mikononi mwao kama nilivyojifunza mimi mikononi mwako. Mwaka 1914 aliuza sehemu yake akaenda kujitegemea. Kaka zake walianzisha Phillips Petroleum mwaka 1917, naye akaendelea na shughuli zake mwenyewe. Nataka uelewe maana ya kujitegemea katika biashara ile: unakodi haki ya kuchimba katika ardhi ya mtu, unalipa mtambo na wafanyakazi, na kisima kikitoka kikavu hasara yote inalala kwako. Anayechukua hatari ya namna hiyo hajamwibia ndugu yake chochote. Mwaka 1925 aliiuza kampuni yake kwa dola milioni 25, na mwaka 1930 kampuni ya kaka zake ikaichukua kampuni nyingine ya mafuta aliyohusika nayo. Ndugu waliotengana walifanya tena biashara pamoja, wala sijasoma popote kwamba kuna aliyelazimika kwanza kuomba radhi kwa sababu ya kuondoka.

Sisi je? Siwezi kuisahau ile asubuhi ya kikao cha kugawa mali ya baba. Wazee walikuwa wamekaa mkekani, chai imeshapoa na kufanya utando juu, nawe ulikuwa umelipakata daftari la kituo cha mafuta, lile lenye jalada la bluu lililofungwa kwa mpira. Mjomba alipouliza hesabu yangu iandikwe wapi, hukumtazama yeye wala mimi. Ulisema, "Huyu alishajitoa zamani, asihesabiwe." Kisha ukauchukua ufito wa baba wa kupimia mafuta tangini, ule wenye alama alizozichonga kwa kisu chake, ukaupeleka chumbani na kufunga mlango kwa ufunguo. Sikudai fedha siku ile, na sizidai leo. Kilichoniuma ni kwamba uliufungia ufito kana kwamba mimi ni mgeni niliyekuja kuiba, ilhali wewe ndiye uliyenishika mkono nikiwa mdogo ukanionyesha jinsi ya kuuzamisha wima, kuutoa haraka na kusoma pale unyevu ulipoishia kabla petroli haijakauka. Ulinifundisha kwa upole sana. Sijapata kukushukuru ipasavyo, na nakushukuru sasa.

Nimesikia pia unasema kwamba kiwanja nilichokitoa kwa ajili ya zahanati nimekitoa ili kununua sifa. Phillips alijenga jumba mjini Tulsa, Philbrook, lenye vyumba 72, akahamia na familia yake mwaka 1927, na mwaka 1938 akaukabidhi mji jumba hilo ili liwe makumbusho ya sanaa. Mwaka huo huo aliwapa maskauti wa Marekani ekari 35,857 za ranchi yake ya New Mexico, na mwaka 1941 akawaongezea ekari 91,538. Pamoja na ardhi hiyo aliwapa Philtower, jengo la ofisi mjini Tulsa, ili kodi yake igharimie utunzaji wa ranchi. Hapo ndipo nilipomheshimu kweli, kwa sababu mtu anayetaka sifa tu hutoa ardhi, hupiga picha na kuondoka, wala hafikirii nani atalipia paa likivuja. Nami nimeiachia zahanati ile kodi ya vyumba viwili vya maduka. Hilo hukulisema ulipokuwa unanisema.

Nakushauri, kaka, kwa heshima yote, uanze kugawa ukiwa bado una nguvu za kusimamia. Phillips alitoa akiwa na miaka 55, akaishi hadi mwaka 1964, hivyo aliyaona matumizi ya alichokitoa kwa miaka mingi. Usisubiri wanao wakae mkekani kama tulivyokaa sisi. Nasema haya si kwa kujiona bora. Najua kwamba sikukuuliza kabla ya kukitoa kiwanja, na kwamba ulitarajia wanao wangejenga pale. Ningekuuliza, lakini ulikuwa hupokei simu zangu. Nilikupigia mara tatu juma lile. Ulitaka nifanye nini?

Unaukumbuka usiku wa pipa lililovuja, tulivyokesha tukimwaga mchanga huku baba akituimbia ili tusilale? Wewe ulinivua shati langu lililolowa ukanivisha lako.

Zahanati itafunguliwa baada ya mvua. Nimekuwekea kiti karibu na mjomba. Kituo ni chako, daftari ni lako, sitauliza hesabu yake. Ukija, naomba uje na ule ufito wa baba, niushike mbele yako, kisha urudi nao.

Mdogo wako.