Barua ya wazi kwa vijana mliorithi shotigani za wazee

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam kwenu nyote, mlioko bara na mlioko pwani. Wengi wenu mmeachiwa shotigani, yaani bunduki ya marisau (punje nyingi ndogo zinazotoka kwa risasi moja), na baba au babu. Bunduki hiyo imelisha nyumba kanga na kwale kwa miaka mingi, na mnaipenda kuliko mnavyoijua. Hapo ndipo penye hatari. Mtu huishusha bunduki ya babu, akaifuta vumbi, akatia risasi mpya za dukani, akaenda porini kumkumbuka mzee. Nawasihi msifanye hivyo.

Kwanza karatasi. Leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na bunduki. Hapa Tanzania mambo haya yako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mzee akifariki, toeni taarifa polisi mapema, silaha ihifadhiwe huko wakati mirathi inakwenda na mrithi anaomba leseni kwa jina lake. Kuificha uvunguni kwa kuwa ni mali ya ukoo kunaweza kumfikisha mtu mahakamani hata kama nyumbani hamna risasi hata moja. Na leseni ya silaha siyo kibali cha kuwinda. Hicho huombwa peke yake, kwa mamlaka ya wanyamapori. Ndugu zetu wa Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku tangu 1977.

Sasa ukaguzi. Ifungue, hakikisha chemba zote mbili (nafasi za nyuma ya mitutu zinamokaa risasi) ni tupu, tazama kwa macho kisha ingiza kidole. Ondoa ubao wa mbele ulio chini ya mitutu, kwa maana springi yake huisukuma mitutu nyuma na kuficha ulegevu. Funga bunduki bila ubao huo, bana kitako kwapani, tikisa mitutu taratibu. Ukisikia inacheza, au ukiinua juani ukaona uzi wa mwanga kati ya matako ya mitutu na ukuta inaouegemea, bunduki imelegea kwenye bawaba. Inatengenezeka, lakini kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Anayekaza kwa kupachika kipande cha bati au kwa kugonga nyundo anaahirisha ajali tu.

Itoe mitutu, iangalie kwa ndani ukiielekeza dirishani. Mwanga huchora miduara safi kuanzia chemba mpaka mdomoni. Mduara ukipinda mahali, pana bonde: mtutu umegongwa. Ukiona pete nyeusi imezunguka pande zote, mtutu umevimba kwa sababu uliwahi kupigwa ukiwa na kizuizi. Bonde fundi hulinyanyua. Uvimbe ni shauri gumu zaidi, kwa kuwa chuma pale kimeshavutika na kuwa chembamba. Vidoa vyeusi ni kutu iliyokula. Vikiwa vichache karibu na mdomo si neno kubwa, vikiwa karibu na chemba, ambako shinikizo ni kubwa kuliko kote, usipige.

Mitutu yenye mawimbi mawimbi juu ya chuma ilisokotwa kwa pau za chuma na feleji. Mingi ya aina hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani, ingawa michache ilipimwa kwa baruti za kisasa. Mkiwa nayo, itundikeni ukutani kwa kufuli mpaka fundi aseme vingine. Magobore ya kienyeji ya bomba la maji hayahitaji ukaguzi wowote: msipige, salimisheni.

Jambo la risasi ndilo hasa lililonifanya niandike. Tazameni chini ya mitutu, sehemu bapa inayokaa ndani ya bodi (mwili wa chuma wenye triga). Bunduki za Kiingereza zilipigwa mihuri huko baada ya kupimwa London au Birmingham; nyumba ya kupimia mitutu ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Maneno NITRO PROOF, au herufi BNP chini ya taji, maana yake mtutu ulipimwa kwa baruti ya kisasa. Muhuri huo ni wa siku ya kupimwa tu. Hausemi kutu imekula nini tangu hapo.

Kisha kuna urefu wa chemba. Bunduki nyingi za zamani za Kiingereza za namba 12 (namba ya upana wa mtutu) zina chemba ya inchi 2½, yaani milimita 65. Risasi nyingi za leo ni za milimita 70, nyingine 76. Kijana hujaribu, risasi inaingia, bunduki inafunga vizuri, anajiona amepata. Inaingia kwa sababu kipimo kilichoandikwa kwenye boksi ni cha ganda baada ya kupigwa. Kabla ya hapo mdomo wa ganda umekunjwa ndani, na risasi nzima ni fupi kuliko milimita 65. Ikilipuka, mkunjo unafunguka, mdomo wa ganda unaingia pale mtutu unapoanza kubana, marisau na kizibo kinachoyatenga na baruti vinapita kwa taabu na shinikizo linapanda. Huenda bunduki isipasuke siku hiyo. Italegea bawaba, itapasua kitako nyuma ya bodi, na mwenye nayo atalaumu uzee wake. Fundi ana kipimo cha chemba. Ni kazi ya dakika chache. Kama ni ya 65, tafuteni risasi za 65 zenye gramu 28 za marisau, au msipige kabisa.

Namba za ukubwa wa punje za marisau nazo zinachanganya. Namba 6 ya Kiingereza ni punje ya milimita 2.6; ya Kimarekani ni karibu 2.8, ambayo Mwingereza anaiita namba 5. Someni milimita. Punje ya 2.8 inamtosha kanga, ya 2.6 kwale, ya 2.4 njiwa, na yote haya ndani ya mita 35. Punje za chuma, zisizo za madini ya risasi, zisipite kwenye mitutu ya kale yenye mdomo uliobanwa sana.

Kila mara kabla ya kupakia, chunguza mtutu. Nyigu wa udongo hujenga humo kwa siku chache. Na kama nyumbani kuna bunduki ya namba 20 pia, msichanganye risasi mfukoni: ya 20 ikitiwa kwenye ya 12 inateleza, inapita chemba na kukwama mbele. Mpigaji akibonyeza triga hasikii kitu, anafungua, anaona chemba tupu, anatia ya 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka pale ulipo mkono wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya namba 20 hufanywa ya njano.

Baada ya kupiga, piga brashi, futa, paka mafuta mepesi ya bunduki, membamba. Mafuta ya taa yanasafisha, lakini yafutwe yakauke kisha mafuta ya bunduki yafuate. Mafuta ya nazi na ya kupikia huganda kwenye springi. Pwani futeni alama za vidole jioni ileile, na msiiache kwenye mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu. Katika kabati la chuma isimame mdomo chini juu ya kitambaa, mafuta yasishuke kuozesha kichwa cha kitako.

Na tafadhali msiing'arishe. Kitako kikipigwa msasa, mbao inashuka chini ya chuma na bodi inabaki imeinuka pembeni. Zaidi ya hayo mnafuta pale shavu la mzee lilipolainisha mbao, na waya wa shaba aliofungia ufa. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kidogo, matone machache, kusugua kwa kiganja, basi.

Kabla hamjaipeleka polisi au kwa fundi, ipigeni picha pande zote: kitako, matengenezo, mihuri, na namba yake kwenye bodi, mitutu na ubao wa mbele, mhakikishe zinalingana. Kisha kaeni na shangazi, na wajomba, na yeyote aliyekwenda porini na mzee. Andikeni ilinunuliwa wapi, mwaka gani, nani aliibeba, nani aliifunga ule waya, mtutu upi mzee aliupiga kwanza. Nakala ya leseni ya zamani iwekwe humo humo. Anzeni na aliye mkubwa kwa umri, wiki hii.

Mzee wenu