Kipaji cha kuzaliwa katika programu

Mhariri,

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na maneno yanayonichosha kuliko yote ni haya: "Fulani ana kipaji, mimi sina."

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, walisambaza rasimu iliyodai kuwa mtihani mfupi, kabla hata ya somo la kwanza, unaweza kuwatenga watakaoweza kuprogramu na wasioweza. Dai hilo lilienea haraka. Mwaka 2014 mmoja wao, Richard Bornat, alilikana hadharani. Ni wangapi walisikia?

Sisemi watu wote wanalingana. Lakini anayeonekana gwiji darasani mara nyingi alianza kuchezea kompyuta utotoni, nasi hatukuiona miaka aliyohangaika kutafuta nukta mkato (;) iliyosahaulika, alama ndogo ambayo ikikosekana inaweza kukwamisha programu nzima. (Mimi niliwahi kuitafuta kutwa nzima.) Mwanafunzi mpya akikwama hujiona mjinga, kumbe hata wakongwe hushinda wamekwama.

Waajiri wanaotangaza kwamba wanatafuta "magwiji" wangetueleza tu ni kazi gani wanataka ifanywe, na nani atamwelekeza mgeni akifika.

Mwandishi wa programu