Mashairi ya Makhan Singh yatafsiriwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mashujaa wa uhuru wa Kenya ilimtaja Makhan Singh kwa sentensi moja tu, kana kwamba alikuwa mpita njia. Sikh huyo, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyezaliwa Punjab, katika India ya wakati huo, mwaka 1913 na kufika Nairobi mwaka 1927, ndiye aliyesimama katika ukumbi wa Kaloleni Aprili 1950 akadai uhuru waziwazi, na mwezi uliofuata akakamatwa, asiachiliwe hadi 1961.

Kinachosahaulika zaidi ni kalamu yake. Ujanani, mtoto huyo wa mpiga chapa alitunga mashairi kwa Kipunjabi, ambayo wengi wetu hatujaonja hata ubeti mmoja. Naziomba idara za Kiswahili vyuoni ziyatafsiri, maadamu wazee wanaoisoma lugha hiyo wangalipo.

Msomaji,
Nairobi