Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: sikoseli na malaria

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu wa watoto wenye sikoseli, huu ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, wakubwa shikamooni na wengine habari za siku nyingi. Naandika kwa kifupi maana najua wengi mnasomea kwenye simu na bando lenyewe la kuungaunga.

Sisi wa Kanda ya Ziwa bado tupo juu, watoto wachanga waliopimwa huku karibu mmoja kati ya watano amekutwa amebeba kinasaba kimoja cha sikoseli, na nchi nzima wanazaliwa kama 11,000 kwa mwaka wakiwa na ugonjwa wenyewe. Sio laana ya ukoo, ni mbu. Palipokaa malaria miaka na miaka ndipo sikoseli ilipojaa, aliyerithi kinasaba kimoja tu malaria kali ilikuwa haimuui kirahisi, akakua, akazaa, akakirithisha. Mtafiti mmoja, Dokta Allison, aliliandika hilo tangu 1954 baada ya kupima watu hapa hapa Afrika Mashariki.

Sasa hapo ndo penye kesi iliyotusumbua mwaka mzima, watu wamelisikia nusu nusu. Eti mwenye sikoseli haugui malaria. Nimeambiwa stendi, nimeambiwa kanisani, hadi muuza duka la dawa kanieleza kwa kujiamini kabisa. Jamani, kinga ni ya yule mwenye kinasaba kimoja ambaye wala haumwi. Mtoto wako aliyerithi viwili, cha baba na cha mama, yeye malaria ikimpata ndo inamuua haraka, maana chembe nyekundu za mtu mwingine zinakaa kama siku 120, zake wiki mbili tatu zimeshavunjika, sasa malaria ikija kuvunja na hizo chache zilizobaki unampeleka wodini mweupe kama karatasi. Kwa hiyo chandarua kila usiku, hata kiangazi, na walioandikiwa dawa ya kinga wanywe. Joto likifika 38.5 usisubiri asubuhi. Na kipimo cha malaria kikitoka negativu msirudi nyumbani mkishangilia, bandama zao hazifanyi kazi vizuri, bakteria wanapita kirahisi, ndo sababu wa chini ya miaka 5 wanapewa penisilini asubuhi na jioni.

Kuhusu bandama, kama kuna kitu cha maana tumefanya mwaka huu ni yale mafunzo. Nesi alimlaza mtoto mkekani akachukua mkono wa mama yake akauweka chini ya mbavu za kushoto, akamwambia bonyeza taratibu, hapo ndo pa kugusa kila siku, bandama ikivimba ikashuka ghafla na viganja vimepauka mwite bodaboda hapo hapo, damu nyingi imejikusanya humo. Akina mama walipanga foleni kujaribu. Akina baba walikuwa nje chini ya mwembe, na hili nitalisema mkutanoni bila kumung'unya maneno, maana kinasaba kimetoka kwa wote wawili, kila mimba ni nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye sikoseli, halafu anayefukuzwa nyumbani pamoja na watoto wake ni mama peke yake. Kwa nini?

Haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza makali ya sikoseli, inapatikana kwa kusuasua na vidonge vya miligramu 500 kumgawia mtoto mdogo ni kazi, msikate kwa makadirio nyumbani, muulizeni mfamasia. Lakini msiikimbie. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ukatoka 2019 ulionesha watoto walioitumia maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, na malaria yenyewe ikashuka karibu nusu. Sharti ni kupima damu kila mnapopangiwa, kuna wanaochukua dawa wakaruka kipimo, hiyo hapana.

Wanaouliza habari za kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ndiyo, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wanafanya kwa watoto wa sikoseli tangu 2023, ila lazima apatikane ndugu ambaye uloto wake unalingana na wa mtoto na sio kila mtoto anafaa, daktari wenu ndo wa kuwaelekeza.

Hela: mweka hazina atasoma hesabu mwenyewe, mimi nasema tu michango ilikufa miezi ya kilimo na nauli za dharura tulichangishana papo kwa papo. Napendekeza kila mwanachama atoe kidogo kidogo kila mwezi kwenye mfuko wa nauli, tulijadili. Mje na daftari za kliniki na wanaodaiwa ada wanajijua. Na akina baba, safari hii mnakaa ndani.